Mbwa Akitapika Nyongo Alfajiri: Ni Njaa au Ni Ugonjwa?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja alituandikia juu ya ufugaji wa sungura, na najua nyumba mbili tatu hapa kijijini ambazo leo zina sungura kwa sababu ya makala hayo. Mwaka huu nimeonelea nilete somo la mbwa. Nilipomwambia mwenzangu ninayekaa naye dawati moja, alicheka akaniuliza, "Mbwa? Kwani umekosa cha kuandika?" Acheni acheke. Karibu kila boma hapa kwetu Kandara lina mbwa, na usiku wa manane yeye ndiye askari, ndiye kengele, ndiye kufuli ya banda la kuku. Lakini siku akiugua, kila mtu huwa daktari. Mmoja atasema amelishwa sumu na wezi, mwingine atasema mwacheni ale nyasi ajitibu, wa tatu atasema atiwe kwenye gunia akatupwe mbali.

Kwa kuwa jarida hili ni la Chama cha Kiswahili, nitaanza na maneno, maana ukikosea neno utakosea na dawa. Wengi wetu husema "mbwa ametapika" kwa kila kitu kinachomtoka mdomoni. Kumbe kuna kutapika na kuna kucheua. Mbwa anayetapika hutoa dalili kwanza: hulamba midomo, hudondokwa na mate, huzungukazunguka bila kutulia, kisha tumbo lake hukaza na kulegea, hukaza na kulegea, mpaka kitu kitoke. Huko kulamba midomo ndiko kichefuchefu chake, kwa vile hana ulimi wa kutuambia. Anayecheua hana mambo haya yote. Huinamisha kichwa tu, chakula kikatoka jinsi kilivyoingia, hakijasagika, na mara nyingine kina umbo la soseji kwa sababu kilikuwa bado kwenye umio, ile njia ya kutoka kooni hadi tumboni. Ng'ombe hucheua kila siku na hiyo ndiyo afya yake. Mbwa akicheua mara kwa mara, shida ni ya umio wala si ya tumbo, na somo langu halimhusu. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo. Ukienda kwa daktari na kumweleza vizuri kama mbwa wako hutapika au hucheua, umemfanyia nusu ya kazi yake.

Neno jingine ni nyongo. Tumezoea kulisikia katika misemo, kwamba mambo yametumbukia nyongo, lakini nyongo yenyewe ni maji machungu ya rangi ya manjano au ya kijani yanayotengenezwa na ini na kuwekwa akiba katika kifuko kidogo kilichoshikamana na ini. Aliyewahi kupasua kuku vibaya anaijua, maana kifuko kile kikitoboka nyama yote huwa chungu. Rangi yake hutokana na chembechembe nyekundu za damu zilizozeeka na kuvunjwavunjwa. Kazi yake ni kuyagawa mafuta yawe matone madogo madogo ili yaweze kumeng'enywa. Sasa sikilizeni vizuri: nyongo humwagwa katika duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, baada ya mfuko wa tumbo. Haina kazi ndani ya tumbo. Kwa hivyo ukiona povu la manjano sakafuni asubuhi, jua kwamba kuna kitu kilichokuwa kikiteremka ambacho kimepanda mlima.

Mbwa wetu anaitwa Simba. Ni wa kienyeji, ana miaka minne, na tulipomweka kwenye mizani ya kupimia mahindi tulipata kilo 22. Mnamo Januari mwaka huu alianza kutapika. Si mchana, si usiku, bali karibu saa kumi na moja alfajiri, wakati mama anawasha jiko. Tulikuwa tukisikia zile sauti za tumbo nyuma ya jikoni, kisha kimya. Ukitoka na taa unakuta povu la manjano, hakuna chakula ndani yake, hakuna damu. Yeye anatafuna nyasi kando ya ua. Ikifika saa mbili ni mzima kabisa, anakimbiza kuku na kumtingishia mkia kila anayepita na bakuli.

Baba alisema amezeeka tumbo, na mlinzi mgonjwa si mlinzi. Alikuwa ameshaagiza kilebu kwa rafiki yake wa Thika, na sote tulielewa Simba angeenda wapi kilebu kikifika. Nyanya alishikilia kwamba ni wezi. Kakangu alitaka kumnywesha maziwa yaliyotiwa makaa ya kusagwa. Mimi nilichukua daftari lililobaki kurasa nyingi tangu Kidato cha Pili, nikachora safu kama tunavyofanya katika maabara: amekula nini, saa ngapi, ametapika saa ngapi, rangi gani, choo chake kikoje, anacheza au hachezi. Mwalimu wetu wa Biolojia hupenda kusema kwamba kutazama huja kabla ya kueleza, nami niliona afadhali nitazame.

Kwa siku 14 alitapika mara 6. Nilipozisoma zile safu kutoka juu hadi chini, safu ya chakula ndiyo iliyosema. Simba alikuwa akila mara moja kwa siku, karibu saa nane mchana, mama akishasafisha sufuria. Baada ya hapo hapati kitu mpaka kesho yake. Kutoka saa nane mchana hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa 15, na saa nyingi kati ya hizo yuko macho akikimbia ua mzima. Tena zilikuwapo siku mbili ambazo tulikuwa na wageni, akapata makombo saa nne usiku. Asubuhi za siku hizo mbili hakutapika.

Haikupita wiki akaja daktari wa mifugo kumtazama ng'ombe wetu aliyevimba kiwele, na mama akamwomba amwangalie na huyu. Alimfunua mdomo akatazama fizi, akambonyeza tumbo pole pole, akampima joto. Joto la mbwa mzima huwa baina ya digrii 38 na 39.2 hivi, kwa hivyo mbwa akikugusa ukahisi ana homa, pengine ni wewe tu uliye baridi. Simba alikuwa na 38.6. Akauliza kama amechanjwa na kama amepewa dawa ya minyoo, mama akamwonyesha kadi. Kisha akalisoma daftari langu lote akiwa amesimama, nami nikasimama kando kama mtu anayesubiri matokeo.

Madaktari wana jina refu la Kiingereza kwa hali hii. Kwa Kiswahili tuseme ni maradhi ya kutapika nyongo. Yanavyoelezwa ni hivi: mfuko wa tumbo ukikaa mtupu saa nyingi, nyongo na majimaji mengine ya utumbo huweza kurudi nyuma yakaingia tumboni. Ngozi ya ndani ya tumbo imezoea asidi yake yenyewe, haikuzoea nyongo. Inawashwa, mbwa anapata kichefuchefu, anatapika kile kidogo kilichomo, kisha anatulia na kuanza kutafuta chakula. Ndiyo maana huwa alfajiri, kwa sababu alfajiri ndiyo mwisho wa saa nyingi za njaa. Zile nyasi si dawa wala si dalili ya mvua. Mbwa wengi wazima hula nyasi, na wengi wao hawatapiki.

Tiba yenyewe haikuuzwa dukani. Hatukumwongezea chakula hata kijiko. Tuliugawa ule ugali wake mara tatu: kidogo asubuhi, kingi jioni, na fungu la mwisho saa nne usiku kabla ya kumfungulia mnyororo. Fungu hilo la usiku si kubwa, ni kama konzi mbili za ugali uliochanganywa na omena. Katika majuma matatu yaliyofuata alitapika mara moja tu, nayo ilikuwa siku ya pili ya mpango. Baba hakusema neno. Ila kile kilebu cha Thika hakikuja.

Na hapa ndipo penye fundo. Ushauri unaotolewa zaidi kwa mbwa anayetapika ni kumnyima chakula kutwa nzima ili tumbo lipumzike. Kwa mbwa mzima aliyekula uchafu jalalani, kupumzishwa saa chache kunaweza kumfaa. Lakini kwa mbwa anayetapika kwa sababu ya njaa, kumnyima chakula ni kuchochea moto kwa kuni kavu. Atatapika tena, nawe utamnyima tena, na mtaendelea hivyo mpaka mbavu zihesabike. Basi kabla hujamnyima wala kumpa, uliza maswali. Ni alfajiri tu, au ni wakati wowote? Ni povu la manjano tu, au kuna chakula, damu, minyoo? Anatapika mara moja akaisha, au anarudia? Na baada ya saa moja anataka kula na kucheza, au amejikunja pembeni? Majibu yote yakiwa kama ya Simba, na mbwa ni mzima wa umri na amechanjwa, jaribu fungu la usiku. Ukiona juma moja limepita na hakuna nafuu, usiendelee kuhesabu siku, mwite daktari. Minyoo, vidonda vya tumbo, maradhi ya ini na ya figo pia huweza kuanza na povu la manjano.

Sasa nieleze kwa nini somo hili nimeliandika badala ya kulisimulia tu wakati wa mapumziko. Habari za Simba zilienea kijijini mdomo kwa mdomo, na kama ilivyo kawaida ya habari, zilifika nusu. Iliyofika ilikuwa hii: mbwa akitapika manjano ni njaa, mpe chakula usiku.

Mwezi wa Aprili msichana mmoja wa darasa letu alikuwa na kilebu cha miezi mitatu. Alikipewa na mjomba wake na hakikuwa kimechanjwa. Jumanne alfajiri kilitapika povu la manjano. Watu wa nyumbani kwao wakasema ni njaa, kama ile ya mbwa wa akina fulani, wakakipa uji. Kikautapika. Jioni wakakipa tena. Jumatano kilianza kuhara damu, kwa harufu ambayo anasema mpaka leo hajaisahau. Alhamisi daktari alipatikana, akakitia dripu, akawaambia wazi kwamba wamechelewa. Ijumaa asubuhi kilikuwa kimekufa kabla hajavaa sare. Alikuja shuleni siku hiyo na hakuzungumza na mtu mpaka saa ya chakula cha mchana. Yeye mwenyewe ndiye aliyenitaka niandike haya, akasema, "Andika na ile nusu nyingine."

Nusu nyingine ni hii. Kilebu kile kilikuwa na parvo. Ni ugonjwa wa virusi uliotambuliwa mwaka 1978, na kufikia mwaka 1980 ulikuwa umeenea karibu dunia nzima. Virusi hivi hushambulia chembe zinazozaliwa upesi upesi mwilini, hasa zile za ngozi ya ndani ya utumbo na zile za uboho wa mifupa. Utumbo ukichubuka namna hiyo hauwezi kushika chakula wala maji, na uboho ukidhurika mwili hupungukiwa na chembe nyeupe za kujilinda. Hakuna dawa iliyozoeleka ya kuviua virusi vyenyewe. Daktari anachofanya ni kumwekea mbwa maji mwilini kwa dripu, kuzuia kutapika na kukinga maambukizi mengine mpaka mwili ushinde. Kwa hivyo saa zinahesabika. Mbwa aliyefikishwa mapema anaweza kupona. Aliyenyweshwa uji siku mbili nyumbani, ni vigumu.

Tena parvo haiondoki na mbwa aliyekufa. Virusi huweza kuishi katika udongo miezi mingi, hata mwaka, na husafiri kwa viatu vyetu. Sabuni ya kawaida haiviui. Bilichi ile ya kufulia nguo nyeupe, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, huviua kwenye sakafu ya saruji iliyooshwa kwanza ikatakata, lakini kwenye udongo mtupu haifui dafu. Mwenzetu ameshauriwa asilete kilebu kingine pale pale upesi, na akileta, kiwe kimekwisha kuchanjwa. Chanjo huanza kilebu kikiwa na majuma 6 hadi 8, ikarudiwa kila baada ya majuma 3 au 4 mpaka kifikishe majuma 16. Wengi hudunga sindano moja wakaridhika. Lakini kinga ambayo kilebu hupata katika maziwa ya mamaye huweza kuizima chanjo ya mwanzo, ndiyo sababu ya kurudia.

Kilebu, kwa kifupi, hakijaribiwi. Mbwa mzima anaweza kuangaliwa nyumbani asubuhi moja. Kilebu kinachotapika kipelekwe siku ile ile, kwa vile maji ya mwilini mwake ni kidogo na yanakwisha haraka. Ipo njia rahisi ya kuyapima ambayo nimeijaribu kwa Simba. Vuta ngozi ya mabegani juu kidogo kisha uiachilie. Kwa mbwa mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Ikibaki imesimama kama hema, amekauka. Halafu bonyeza ufizi kwa kidole mpaka pawe peupe, uondoe kidole. Rangi ya waridi irudi kabla ya sekunde mbili kupita. Ufizi uwe umelowa, si wa kunata. Ukiwa mweupe au wa manjano, usimalize hata kusoma makala haya.

Yapo mambo mengine ya kwetu ambayo hujificha nyuma ya kutapika. La kwanza ni gunzi la mahindi. Sisi tukila mahindi ya kuchoma barabarani tunatupa gunzi, na mbwa analiokota kwa sababu lina utamu na harufu ya chumvi. Anaweza kulimeza vipande vipande au zima zima. Gunzi halimeng'enywi hata kidogo. Linaenda kukwama katika utumbo, na mbwa hutapika kila anachokula, hapati choo, anaanza kunyong'onyea. Wengine huishia kupasuliwa. Kokwa la avokado hufanya vivyo hivyo, na hapa kwetu maavokado huanguka yenyewe. Afadhali ulitie gunzi katika shimo la taka au jikoni kama kuni.

La pili linanisumbua zaidi, kwa sababu tunalifanya kwa nia njema. Mahindi yakiota kuvu ghalani, watu husema, "Hayo yawekeni kando, yatakuwa ya mbwa." Kuvu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na sumu hiyo haiishi kwa kupika ugali. Mwaka 2004, katika wilaya za wakati huo za Makueni na Kitui na jirani zao, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafariki. Mbwa ana ini kama letu, tena hudhurika upesi. Hukosa hamu ya kula, hutapika, macho na fizi zake huwa manjano. Ukiona nyumba ina mbwa wawili watatu wanaotapika pamoja, waulize wanakula unga gani.

Hapa Murang'a tuna pia makadamia. Mbwa akila karanga zake hutapika, miguu ya nyuma ikalegea na kutetemeka. Aghalabu hupona katika siku moja au mbili, lakini atawatisha. Vitunguu, vibichi au vya kupikwa, huharibu chembe nyekundu za damu. Kwa hivyo mchuzi wa nyama uliojaa vitunguu si zawadi. Chokoleti ni sumu kwake, ingawa sijui nani kijijini humpa mbwa chokoleti na watoto wapo. Dawa zetu za maumivu, hasa ibuprofeni na diklofenaki, humtoboa mbwa vidonda tumboni. Mtu anamwonea huruma mbwa wake, anampa kidonge kimoja, naye anaanza kutapika vitu vyeusi kama machicha ya kahawa. Hiyo ni damu iliyopitiwa na asidi.

Ikiwa ni sumu kweli, ya panya au ya wadudu wa shambani, maziwa hayaiui. Nimeulizwa swali hili na watu watatu, akiwamo kakangu. Usimlazimishe kutapika pasipo kuambiwa na daktari, kwa maana sumu nyingine huunguza mara ya pili zikipanda. Chukua pakiti au chupa yenyewe ukimbie nayo kwa daktari. Sumu nyingi za panya huchelewa, mbwa akaonekana mzima siku kadhaa, kisha akaanza kuvuja damu. Kwa hiyo usingoje aonekane mgonjwa.

Wenye mbwa wakubwa wa kifua kirefu, jamii ya German Shepherd, wajue jambo moja zaidi. Mbwa akijaribu kutapika tena na tena na hakuna kinachotoka, huku tumbo likivimba na kuwa gumu kama ngoma, mfuko wa tumbo umejaa hewa na pengine umejipinda. Huyo ana saa chache tu. Hakuna dawa ya nyumbani.

Na jambo la usalama wetu sisi wenyewe. Mbwa anayedondokwa na mate, anayeonekana kama amekwamwa na mfupa, asiyeweza kumeza, au aliyebadilika tabia ghafla, usimtie mkono kinywani. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Serikali ya Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huo kufikia mwaka 2030, na silaha yake kubwa ni kuchanja mbwa. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Chanjo inayodungwa mapema huokoa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Nirudi kwa tumbo la kawaida, la mbwa mzima aliyekula jalalani jana akatapika mara moja au mbili leo. Mpumzishe chakula saa chache, maji umpe kidogo kidogo, robo kikombe kila baada ya nusu saa, kwani akinywa karai zima atalirudisha lote. Akitulia, mpe wali laini na nyama ya kuku iliyochemshwa bila mfupa, bila mafuta, bila kitunguu. Najua si kila nyumba ina kuku wa kumpikia mbwa, na pengine baba wa nyumba hajamwona kuku huyo tangu Krismasi. Yai la kuchemsha litafaa. Apewe mafungu madogo manne kwa siku, na kwa siku tatu hivi uwe ukichanganya na chakula chake cha kawaida mpaka arudi alikokuwa. Akitapika zaidi ya mara tatu kwa siku, au maji hayakai, au kuna damu, au hainuki, safari ni ya kwa daktari.

Dawa ya minyoo huuzwa katika maduka ya agroveti, nayo hupimwa kwa uzito wa mbwa, kwa hivyo nendeni mkijua kilo zake. Vilebu huanza kupewa vikiwa na majuma mawili, kisha kila baada ya majuma mawili hadi vifikishe majuma 8; mbwa wazima, kila miezi mitatu. Baadhi ya minyoo hiyo huingia watoto wanaochezea mchanga uani, basi mkimtibu mbwa mnawatibu na wadogo zenu.

Daftari la Simba lipo. Safu zake nimezichora upya kwenye karatasi moja, na mwalimu mlezi wa chama amekubali ibandikwe kwenye ubao wa matangazo karibu na maktaba. Mwenye mbwa anayetapika aje anakili zile safu, ajaze siku saba, halafu ampelekee daktari wa mifugo anapokuja kijijini. Kalamu aje nayo.